Mtaro unaonuka mlangoni kwako: nani anaujibia?

Ndugu msomaji, hebu tuanzie ndani ya nyumba yako. Maji ya kunywa umeyachemsha, ukayachuja kwa kitambaa safi na kuyaweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Vyombo vimeoshwa na kuanikwa juu ya kichanja. Choo kimepigwa deki, ndala za chooni hazichanganywi na za ndani, na kila mtoto anajua kuwa hakuna kugusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Mambo hayo tumeyasema mara nyingi katika safu hii, na tunajua wengi wenu mnayafanya.

Sasa toka nje. Hatua chache tu kutoka mlangoni kuna mtaro. Maji yake ni meusi, yametuama, juu yake zinaelea chupa, nepi za watoto na viroba vilivyofungwa ambavyo hakuna anayethubutu kuvifungua. Watoto wanaokwenda chuoni jioni wanauruka huku wamekumbatia juzuu zao, na aliyeteleza hurudi nyumbani kubadili kanzu, maana kwa hali ile hawezi kuswali. Na wale inzi wanaotoka humo hawapigi hodi. Wanaingia moja kwa moja hadi kwenye sahani ambayo mama ameiosha kwa maji ya moto.

Kwa hiyo juma hili hatutazungumzia sabuni. Tutazungumzia mikutano: mkutano wa mtaa wako, kikao cha kata yako na baraza la madiwani wako. Jirani yangu mmoja niliyemsomea kichwa cha makala haya alicheka, akaniuliza, "Mkutano na kuharisha vinahusiana wapi?" Vinahusiana sana, nami nitakuonyesha kwa bomba moja tu la maji.

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam mabomba ya plastiki yanayoingiza maji majumbani yamepitishwa ndani ya mitaro ileile ya majitaka, au yamekatiza juu yake. Bomba linapopasuka wakati maji yanatoka, maji safi huvujia nje, na hasara ni ya bili tu. Lakini maji yanapokatika, msukumo ndani ya bomba hupungua, na pale penye ufa uchafu wa mtaroni huingia ndani. Maji yakirudi, kinachotoka mwanzo bombani kwako ni kile kilichonyonywa. Ndiyo maana siku maji yanaporudi baada ya mgao ndiyo siku ya kuyachemsha kwa makini zaidi, hata kama yanaonekana meupe. Hapo mama hana kosa lolote. Kosa liko kwenye mtaro, na mtaro ule hauko chini ya mamlaka ya mama.

Uko chini ya mamlaka ya nani basi? Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na ni vyema tuelewane kabla hatujaendelea.

Uzoaji wa taka ngumu ni kazi ya halmashauri yako, yaani ya jiji au manispaa, ambayo aghalabu humpa kazi hiyo mkandarasi au kikundi. Maji safi na mabomba makubwa ya majitaka Dar es Salaam ni ya DAWASA. Barabara za mitaa pamoja na mitaro yake, tangu Julai 2017, ziko chini ya TARURA, wakala ambao si idara ya halmashauri. Kwa maneno mengine, mtaro mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja wao anaweza kukuambia kwa heshima kabisa kwamba uende kwa mwenzake. Mimi nakubali kwamba mgawanyo huo una sababu zake za kitaalamu. Lakini kwa mkazi mwenye mtoto anayeharisha, faida yake ni ndogo kuliko usumbufu wake.

Mahali pa kuwakutanisha wote hao ni kwa diwani. Diwani umemchagua wewe. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa yote ya kata wamo. Yeye ndiye anayeingia katika baraza, ambalo hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, na kumhoji mkurugenzi. Mkurugenzi hujamchagua wewe, ameteuliwa na Rais, na ndiye katibu wa baraza. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo katika jengo zima lile, mtu wa kata aliyefika pale kwa kura yako ni diwani, na asipouliza yeye, swali lako limelala.

Lakini diwani naye huuliza kile alichoulizwa. Na sisi tunamuuliza nini? Tunamuuliza msibani. Tunamsimamisha akitoka msikitini, tunalalamika kidogo, anatupa pole, tunaagana. Hakuna aliyeandika wala aliyejibu.

Mimi mwenyewe niliishi miaka mingi katika mtaa wangu bila kukanyaga mkutano mkuu wa mtaa. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ndipo mapato na matumizi ya mtaa yanapotakiwa kusomwa. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu mtoto wa jirani yangu alikuwa amelazwa kwa kuharisha, na mama yake aliniomba nimwakilishe. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwarobaini. Waliohudhuria hawakufika hata robo ya mtaa, na wengi wao walikuwa akina mama. Akina baba tulikuwa wachache, na baadhi yetu tulikaa pembeni tukisoma magazeti.

Mwenyekiti alisoma ajenda, akasoma taarifa ya ulinzi shirikishi, akasema usafi unaendelea vizuri. Akina mama wakaguna. Ndipo akasimama mzee mmoja mstaafu, mwenye daftari la mistari lililokunjwa mfukoni mwa kanzu. Hakulalamika. Alisoma. Tarehe hii gari la taka lilikuja. Tarehe hii halikuja. Tarehe hii lilikuja likachukua upande mmoja wa barabara likaondoka. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni kaya ngapi zimelipa ada ya taka mwezi uliopita, na fedha hizo zimepokelewa kwa stakabadhi za nani.

Ndugu msomaji, ninyi mliowahi kuhudhuria mikutano hii mnajua kilichofuata. Mwenyekiti alikasirika, akasema mzee analeta siasa. Lakini mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa na anajua maana ya maandishi, alianza kutafuta kitabu chake. Ukipiga kelele utanyamazishwa kwa kelele, ila tarehe hujibiwa kwa tarehe.

Fanya hesabu ndogo uone kwa nini swali lile lilikuwa zito. Chukua mtaa wenye kaya 400, kila kaya ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 800,000 kila mwezi, shilingi 9,600,000 kwa mwaka, kutoka mifuko ya watu ambao wengine wanauza vitumbua. Ukitoa fedha namna hiyo huombi hisani unapouliza gari liko wapi. Umenunua huduma, nawe una haki ya kuiona.

Kutoka pale tulipanda ngazi. Barua iliandikwa, ikapita kwa mwenyekiti, ikajadiliwa katika kata, na diwani akaipeleka kama swali. Wanne kati yetu tukaenda kusikiliza kikao cha baraza, kwa kuwa vikao vya baraza ni vya wazi na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kukaa kimya. Nasisitiza kukaa kimya, maana mwenzetu mmoja alinyoosha mkono akitaka kuzungumza, akaonyeshwa mlango. Pale wanaozungumza ni wajumbe. Mkazi kazi yake ni kusikia na kuandika.

Tulikaa kuanzia asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Ziligawiwa taarifa za robo mwaka, nene kama kitabu, na kurasa zilipitishwa haraka kuliko mtu awezavyo kuzisoma. Zamu ya mtaro wetu ilipofika, jibu lilichukua muda mfupi mno: mradi umepokelewa, utaingizwa katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Diwani alishukuru. Yule mzee akaandika jibu lile neno kwa neno, pamoja na tarehe na jina la cheo cha aliyejibu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ulipoanza, tuliuliza mtaro wetu umewekwa katika kifungu gani na kwa kiasi gani. Haukuwamo. Tulipouliza sababu, tukaambiwa mapato hayakufikia lengo. Huenda ni kweli. Ila aliyesema "utaingizwa" hakuwa ameweka neno "huenda", na kwa kuwa tulikuwa na maandishi, safari hii diwani hakushukuru.

Kama unadhani jambo hili ni dogo, au kwamba wakazi wa kawaida hawawezi kuibana halmashauri, nakukumbusha habari ya Tabata. Vijana wengi hawaijui, na wazee wengi wameanza kuisahau.

Kwa miaka mingi taka za Jiji la Dar es Salaam zilimwagwa Tabata, katikati ya watu. Zilikuwa zikichomwa, moshi ukiingia majumbani, harufu na inzi vikienda nazo. Wakazi walilalamika mpaka wakachoka kulalamika, na mwaka 1988 wakaifikisha halmashauri ya jiji mbele ya Mahakama Kuu. Mahakama ikawapa haki: jiji liache kumwaga taka pale, litafute mahali pasipohatarisha watu. Ungedhani habari imeishia hapo. La hasha! Jiji lilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, na muda ulipokwisha likaomba mwingine, huku magari yakiendelea kumwaga. Hatimaye Jaji Lugakingira alikataa. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mahakamani kwa kujiamini na kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaeleza kwamba kufanya hivyo ni kuigusa haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Magari yakaondoka Tabata mwaka 1991. Yakaenda wapi? Kunduchi Mtongani, kwa watu wengine wenye watoto na vyungu vyao jikoni. Mwaka uleule, wakazi wa Kunduchi Mtongani karibu 800 nao wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Dampo likahamia Vingunguti, na miaka ya baadaye likaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Mimi huwa nawasifu watu wa Tabata, lakini habari hii hunifanya nikae kimya kidogo. Kuondoa uchafu mlangoni kwako si kazi kubwa sana kama hujali unakokwenda. Tunapodai mtaro uzibuliwe, tuulize pia tope litapelekwa wapi.

Na historia ina jambo jingine kwa ajili ya safu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali za mitaa zilifutwa nchini, madaraka yakapelekwa mikoani. Mijini hapakuwa tena na baraza la kuulizwa habari ya mtaro. Huduma za miji zilizorota, na kipindupindu kikaja katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa kwa sheria, na sheria za mwaka 1982 zikarejesha mfumo mzima. Kwa hiyo baraza unaloliona la kuchosha, lenye posho na taarifa nene, lilirudishwa kwa sababu moja kubwa: miji ilikuwa inanuka na hapakuwa na wa kuwajibika. Tena Dar es Salaam imeshuhudia baraza lake likivunjwa mwaka 1996, ikaongozwa na Tume ya Jiji hadi mwaka 2000, na halmashauri ya jiji ikavunjwa tena Februari 2021, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Majina hubadilika. Mtaro ni uleule.

Wala tusijidanganye kwamba kosa lote ni la wenye ofisi. Nani anatapisha choo usiku mvua kubwa inaponyesha, akifungua shimo ili kinyesi kiende na maji kwa jirani wa bondeni? Si diwani. Ni sisi, tena wengine ni watu wa safu za mbele. Nani anampa kijana wa mkokoteni fedha kidogo akatupe kiroba "mbele huko" bila kuuliza mbele ni wapi? Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam kikianzia Kinondoni, kilisambaa karibu mikoa yote, na hadi kilipotulia watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua na mamia wamefariki. Maji ya mtaroni hayachagui nyumba ya aliyetapisha na ya asiyetapisha. Mkazi anayekwenda kumhoji diwani huku bomba la choo chake limeelekezwa mtaroni ataumbuliwa hadharani, na atakuwa amewaharibia wenzake hoja.

Basi ukishasafisha kwako, una silaha kadhaa halali. Kwanza ni daftari kama la yule mzee. Pili ni barua yenye tarehe, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni sawa na kutoandika. Tatu, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: ukiomba taarifa kwa maandishi, kwa mfano mkataba wa mzoa taka au kiasi kilichotengwa kwa mtaa wako, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Nne, kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa yake juu ya halmashauri, na taarifa hiyo ikishawasilishwa bungeni ni mali ya kila mtu. Kijana wako mwenye simu anaweza kuitafuta jina la halmashauri yenu mkaisoma pamoja. Na ikibidi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Watu wa Tabata hawakuwa hata na sheria hiyo.

Zingatia pia majira. Vipaumbele vya mitaa hukusanywa kabla ya baraza kupitisha bajeti, nalo huipitisha mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Ukilileta jambo lako Mei, utaambiwa usubiri, na safari hii watakuwa wanasema kweli. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kina baba, nawaombeni jambo moja. Mikutano mingi ya mtaa tunawaachia akina mama, kisha tunalaumu matokeo kibarazani. Na ninyi akina mama, msikubali kuambiwa kwamba habari za mtaro na mtoto kuharisha ni mambo ya nyumbani yasiyofaa kikaoni. Ninyi ndio mnaojua ni siku gani maji yalitoka yakinuka. Isemeni siku hiyo kwa tarehe.

Wakati tunasubiri, mtoto asisubiri. Akianza kuharisha, mpe mara moja maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe bapa, visifurike. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na uulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki. Pakiti za dawa hiyo zikiwapo dukani au zahanati, ni bora zaidi. Ukiona macho yameingia ndani, hana machozi, amelegea, au anaharisha kama maji ya mchele, usikae nyumbani hata saa moja.

Huenda unauliza mtaro wetu umefikia wapi. Mwaka wa pili ulizibuliwa, nusu yake. Vijana walitoa tope, wakalirundika kando ya barabara, wakaondoka, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani. Katika karatasi kazi imeandikwa imekamilika. Mkutano wa mtaa umetangazwa Jumapili hii saa 4 asubuhi, na swali la kwanza ni nani aliyetia saini.